Somo: Kumsoma Ganesh na kumpokea nyumbani, hatua kwa hatua

Wadau, wiki iliyopita mmoja wetu alibandika picha ya kadi ya harusi aliyopewa na jirani yake wa Kigujarati, akauliza: huyu mwenye kichwa cha tembo ni nani, na kwenye harusi za watu anatafuta nini? Majibu mengine yalichekesha, mengine yalitia aibu. Huyo ni Ganesh, mmoja wa miungu ya Wahindu. Nikaahidi somo, na ahadi ni deni.

Nilisoma Pune, jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Miaka mitatu nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Kaku, yaani mama mdogo. Mara zote tatu nilikuwa mle ndani Ganesh alipofika. Ndiyo, alipofika. Kule hawasemi "tunaadhimisha Ganesh", wanasema amekuja, amekaa, ameondoka. Usipolishika hilo, mengine yote utayaona mazingaombwe. Mimi si Mhindu, naeleza niliyoyaona na niliyoelezwa.

Hatua ya 1: Msome

Khanga ukimpa asiyeijua ataona rangi na maua. Anayeijua hutafuta jina kwanza. Sanamu hii nayo ina maandishi yake.

Anza na kichwa. Mungu mke Parvati, mke wa mungu Shiva, alitaka kuoga bila kuingiliwa. Alijisugua manjano mwilini, kama singo wanayosuguliwa mabibi harusi wetu wa pwani, na zile taka zilizobanduka akazifinyanga mtoto wa kiume, akampa uhai na kumweka mlangoni: asipite mtu. Shiva akarudi. Mtoto hamjui, akamzuia. Mabishano yakawa vita, na kichwa cha mtoto kikaenda. Parvati alipojua, dunia haikukalika. Shiva akaagiza kiletwe kichwa cha kiumbe wa kwanza atakayeonekana, na kilicholetwa kilikuwa cha tembo. Mtoto akafufuka, akapewa uongozi wa gana, wale wafuasi wa Shiva. Ndiyo maana ya majina yake mawili makubwa, Ganesh na Ganapati: bwana wa gana.

Angalieni kazi yake ya kwanza kabisa: bawabu. Bawabu ndiye anayezuia na ndiye anayefungua. Jina lake jingine, Vighneshvara, ni bwana wa vikwazo, na vyote viwili vimo humo, kuviweka na kuviondoa. Kwa hiyo huombwa kabla ya jambo lolote: kabla ya safari, duka jipya, mtihani, hata kabla ya kuomba miungu mingine. Mwenye kadi ya harusi amepata jibu lake.

Sasa pembe. Moja imevunjika, ndiyo maana anaitwa pia Ekadanta, wa pembe moja. Hadithi inayopendwa ni ya Vyasa, mtawa wa kale, aliyetafuta mwandishi wa kuuandika utenzi wake wa Mahabharata yeye akiutamka. Ganesh akakubali kwa sharti: usinyamaze hata kidogo. Vyasa naye akaweka lake: usiandike ubeti kabla hujauelewa. Kila Vyasa alipotaka kupumua, alitupa ubeti mgumu. Kalamu ikavunjika katikati, Ganesh akavunja pembe yake akaendelea nayo. Hapo hapo Pune kuna taasisi ya Bhandarkar, ambayo wataalamu wake walilinganisha miswada ya Mahabharata kuanzia 1919 hadi 1966. Kisa hiki wakakihamishia kwenye viambatisho, kwa kuona kiliongezwa baadaye. Nilimweleza Kaku hilo nikidhani nimemshika. Akaendelea kuchambua mchele.

Mikononi, kwa kawaida minne, tafuta kitanzi, mchokoo wa kuongozea tembo, na kitamu kiitwacho modak. Mkono wa nne umefunguka kukuambia usiogope. Miguuni yupo panya, kipando chake. Mkonga mara nyingi huelekea kushoto kwake. Wa kulia huhesabiwa mkali, anayetaka ibada isiyo na kasoro, na wengi hawamweki nyumbani. Yule wa hekalu maarufu la Siddhivinayak, Mumbai, lililojengwa 1801, ni wa kulia.

Mtandaoni mtakuta orodha ndefu: masikio makubwa maana yake sikiliza sana, mdomo mdogo maana yake sema kidogo. Hayo ni mawaidha ya wahubiri, mazuri tu, lakini msianze nayo. Anzeni na mlango.

Hatua ya 2: Ijue siku

Sikukuu yake ni Ganesh Chaturthi, siku ya nne ya mwezi mwandamo katika mwezi wa Bhadrapada. Kalenda yao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na ushee, kwa hiyo sikukuu haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, inabaki Agosti au Septemba. Mwaka 2023 iliangukia 19 Septemba, 2024 ikawa 7 Septemba, 2025 ikawa 27 Agosti.

Hatua ya 3: Mlete

Sanamu hununuliwa kwa mafundi, na bei hupatanwa kama ya nazi sokoni. Hakuna anayeona vibaya, kwa sababu pale bado ni udongo. Ikishanunuliwa hufunikwa uso kwa kitambaa. Mlangoni aliyeibeba huoshwa miguu, kisha wanaingia wakiita "Ganapati Bappa Morya!" Bappa ni baba. Morya hunasibishwa na Morya Gosavi, mcha Mungu wa Chinchwad, jirani na Pune.

Hatua ya 4: Mkirimu

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo waandishi wengi hupita mbio. Ibada kamili ina huduma 16. Nilipozisikia mara ya kwanza kwa Kisanskriti niliona giza. Mwaka wa pili nikaziona kwa macho, nikacheka peke yangu: hivi ndivyo bibi yangu alivyopokea wageni.

Kwanza kasisi, au mzee wa nyumba, humwita aingie katika udongo ule, akigusa sanamu kwa majani na kusoma mantra, yaani maneno matakatifu. Tangu hapo si udongo tena. Anakaribishwa kiti. Anapewa maji ya miguu, maji ya mikono, maji ya kusukutua. Anaogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Udongo mbichi ungeyeyuka, kwa hiyo mara nyingi anayeogeshwa ni popoo moja iliyowekwa mbele yake badala yake. Anavishwa nguo, ambayo kwa Kaku ilikuwa mkufu wa pamba aliousokota mwenyewe, halafu uzi mtakatifu. Anapakwa msandali, kama liwa yetu. Anapewa maua, hasa haibiskasi nyekundu. Anafukizwa. Anawashiwa taa. Anaandaliwa chakula. Akishakula analetewa tambula, yaani jani la tambuu na popoo, kama mgeni yeyote wa Unguja au Mombasa ya zamani. Neno letu tambuu na lao tambula ni ndugu. Mwisho anazungukwa na kuinamiwa.

Kwenye maua, msisahau ukoka. Nasema kweli, nyasi hizi tunazokanyaga. Wanaziita durva, na hutolewa mashina 21. Ganesh alimmeza jini wa moto aitwaye Analasura, tumbo likawaka, dawa zote zikashindwa, mpaka wazee watawa walipomwekea ukoka 21 kichwani akapoa. Siku hiyo sokoni Pune ukoka unauzwa kwa vifungu kama mchicha.

Hatua ya 5: Mlishe

Modak ni unga wa mchele uliokandwa, ukajazwa nazi na sukari guru, ukakunjwa mfano wa kichwa cha kitunguu saumu na kupikwa kwa mvuke. Huandaliwa 21. Akishapewa, kinachobaki ni prasad, chakula chenye baraka, na kila mtu anakula.

Hatua ya 6: Mwimbie

Asubuhi na jioni hufanyika aarti. Taa huzungushwa mbele yake, makofi, kengele, na wimbo "Sukhkarta Dukhharta" unaonasibishwa na Ramdas, mtawa wa karne ya 17. Karafuu maiti huwashwa pia. Sisi harufu ile tunaijua kwa kuoshea maiti, na mwaka wa kwanza nilisimama pale nikiwaza msiba watu wakipiga makofi.

Hatua ya 7: Muage

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule huzidi kidogo. Kuna nyumba anakaa siku moja na nusu, nyingine tano au saba, na sanamu za hadharani hukaa mpaka siku ya 14 ya mwezi, Anant Chaturdashi. Kabla ya kutoka hufanyiwa ibada ya mwisho, anarushiwa mchele, na sanamu husogezwa kidogo tu pale ilipokaa. Msogeo ule ndio kuondoka kwake. Wanaopita mtaani na ngoma za dhol na tasha wamembeba mgeni aliyekwisha kusimama. Mtoni wanaimba "pudhchya varshi lavkar ya", mwakani uwahi kuja, kisha wanaizamisha. Hurudi nyumbani na kiganja cha mchanga wa pale pale kwenye kibao alichokalia.

Maandamano ya Pune ya siku hiyo huvuka saa 24. Yalikuzwa kisiasa: mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru, aliihimiza sikukuu hii itoke majumbani iwe ya mitaa, wakati Waingereza wakiibana mikutano ya watu. Ganesh wa Kasba, mtaa wa zamani wa Pune, bado ndiye anayetangulia mtoni, na asithubutu mtu kumpita.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa hiyo wanaabudu tembo na panya?
Hapana. Tembo wa msituni si Ganesh. Kaku aliweka mitego ya panya jikoni mwaka mzima, ndugu yangu, tena bila huruma.

Shekhe wetu anasema hiyo ni ibada ya sanamu, wewe unazungusha maneno tu.
Shekhe wako anasema kwa mizani ya dini yake, na hapo simpingi. Mimi naeleza wao wanavyoona: sanamu ni kiti cha muda, kabla ya kuitwa hakuna kitu, na baada ya kuagwa hakuna kitu. Kukubali au kukataa ni juu yako, ila kataa kile wanachokisema, usikatae kile unachowasingizia.

Nimealikwa na bosi wangu Mhindi. Nifanye nini, nisifanye nini?
Vua viatu. Usiende na nyama wala mayai. Ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia. Hutalazimishwa kuinama, simama kwa adabu inatosha. Kama imani yako hairuhusu kula prasad, sema mapema kwa upole kuliko kupokea na kuiacha mezani.

Dada yangu anaishi Mumbai, anasema usiku wa Ganesh Chaturthi hawatazami mwezi. Kweli?
Kweli kabisa. Ganesh ameshiba modak, yuko juu ya panya, nyoka akapita, panya akashtuka, mzee chini, tumbo likapasuka. Akamkamata nyoka yule akajifunga tumbo kama mshipi, mtauona kwenye sanamu nyingi. Mwezi ukacheka. Akaulaani: atakayeutazama usiku huo atasingiziwa wizi. Wanasema hata mungu Krishna aliutazama akasingiziwa kuiba kito cha Syamantaka.

Mbona chini ya picha yake kuna alama ya Hitler?
Swastika ilikuwa alama ya heri India maelfu ya miaka kabla ya chama cha Nazi kuzaliwa. Wafanyabiashara wa Kihindu huichora kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu pamoja na jina la Ganesh. Hitler aliikuta.

Ana mke?
Inategemea unamuuliza nani. Kaskazini wanasema anao wawili, Riddhi na Siddhi. Kusini, kwa Watamil wanaomwita Pillaiyar, wengi wanamjua kama kapera. Ana ndugu, Kartikeya. Waliwahi kushindanishwa kuizunguka dunia. Kartikeya akapaa na tausi wake. Ganesh, na tumbo lile na panya yule, akawazunguka baba na mama yake, akasema dunia yangu ndiyo hii. Akapewa ushindi.

Hayo masanamu yote mtoni si uchafuzi?
Ni uchafuzi, na hapo siwatetei. Udongo wa asili huyeyuka, lakini miaka mingi watu walihamia plasta, hii hii ya mapambo ya dari, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Haiyeyuki upesi, na rangi zake zina sumu. Mwaka 2020 bodi ya taifa ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kuipiga marufuku, lakini utekelezaji umekuwa wa vuta nikuvute. Manispaa huchimba madimbwi ya kuzamishia. Kaku alimzamisha wake kwenye ndoo, maji akamwagia mti wa maua uani.

Mwalimu, dini tumeielewa, tupe hizo modak. Bila kalibu ya kuziundia inawezekana?
Inawezekana, Kaku hakuwa nayo. Kuna nazi kwa mbuzi, usiikamue tui. Ipike na sukari guru, nusu ya kipimo cha nazi, mpaka ikauke, tia iliki. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo na kijiko cha samli, mwaga kikombe cha unga laini wa mchele, funika, epua. Kanda ungali moto, mikono ipake samli. Finyanga kikombe chembamba, bana kingo kwa vidole upate mikunjo, jaza, kusanya mikunjo juu ifunge kwa ncha. Mvuke dakika 10 hadi 12. Za kwanza zitapasuka. Hizo mpishi anakula.