Somo: Mashine ya kuosha vyombo inabakisha maji chini, usikimbilie kununua pampu

Habari za leo wakuu. Hili somo nimeona nilete kwa sababu inaniuma kuona watu wanaingia Kariakoo wanatoa hela ya pampu mpya, fundi anafunga anaondoka, jioni mashine inamaliza kuosha na maji bado yamejaa chini vilevile, kumbe shida ilikuwa mwiba wa samaki. Kwa hiyo twende pole pole, na spea tutanunua mwishoni kabisa, tena ikibidi.

Kwanza chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu ukaona inatosha, halafu funga koki ya maji yanayoingia. Hita ya hizi mashine nyingi inavuta karibu wati 2000 na wewe unaenda kuingiza mkono kwenye maji.

Hatua ya 1. Toa trei ya chini, chota maji kwa kikombe, yaliyobaki nyonya na sponji. Filta iko katikati chini, izungushe kinyume na saa uivute juu. Osha kwa mswaki wa zamani na maji ya moto na sabuni, ile ya wavu mwembamba hasa ndio inaganda mafuta. Vaa glavu maana vipande vya glasi vinapenda kukaa hapo. Wengine mashine inapona hapahapa, wallahi, na hawakugusa spana.

Hatua ya 2. Ndani ya shimo la filta kuna kifuniko kidogo cha plastiki, hicho ndio kinafunika pampu ya kutolea maji. Kwenye Bosch nyingi unakitoa kwa mkia wa kijiko. Ukishatoa utaona kifeni kidogo, kizungushe kwa kidole. Kikienda kwa kudundadunda usiogope, hiyo ni sumaku ya mota na ndio inavyotakiwa. Ubaya ni kama hakizunguki kabisa hata ukishatoa uchafu, au kinazunguka kilegevu bila kudunda, au mapanga yamevunjika. Tafuta mbegu za ndimu, vijiti vya meno, uzi, lebo za chupa. Ukirudisha kifuniko sukuma mpaka kilie ka! kwa sababu kikikaa vibaya Bosch itakuandikia E25 na utaanza kulaumu vitu vingine. E24 ni maji hayatoki, kwa LG hiyohiyo inaandikwa OE.

Hatua ya 3, na hii mafundi wengi wanairuka. Chomoa mwisho wa hozi ya maji machafu pale inapoingia chini ya sinki, uweke kwenye ndoo, rudisha filta, mimina maji kidogo chini ndani ya mashine (yale ya mwanzo ulishayachota), rudisha umeme, washa programu ya kutoa maji. Yakitoka kwa nguvu basi mashine yako ni nzima, ugonjwa uko kwenye bomba la sinki. Na kama sinki ni jipya chungulia pale hozi inapochomekwa, mara nyingi plastiki ya kiwandani haijatobolewa, maji yatapita wapi? Ukirudisha hozi hakikisha inapanda juu kwanza karibu na meza ya sinki ndio ishuke, ikilala chini maji ya sinki yanarudi kwenye vyombo au mashine inajinyonya maji yenyewe huku inaosha.

Hatua ya 4. Kama ndoo haikupata kitu, na hozi haijakunjwa wala kuziba, chomoa umeme tena, ilaze mashine taratibu kwa mgongo (maji yawe yameisha), ufikie pampu kwa chini. Toa waya zake mbili, weka mita ya kupimia umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Pampu nyingi za volti 230 zinasoma kati ya 150 na 200 hivi. Isiposoma kitu koili imekatika, hapo ndio unanunua. Ikisoma vizuri na kifeni ni kizima, basi umeme haufiki, shida ni waya au bodi, na kupima umeme ukiwa hai mwachie fundi.

Kwenye kununua, usiende dukani ukasema nataka pampu ya mashine fulani. Ukingoni mwa mlango kuna kibati chenye namba ya modeli, ipige picha, na pampu ya zamani nenda nayo mkononi ulinganishe miguu ya kufungia na plagi yake. Nyingi zinafungwa kwa kubonyeza klipu na kuzungusha robo. Oringi ya mpira badilisha palepale, ni hela ndogo. Jaribu bila vyombo huku unamulika tochi chini.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbezi: Fundi shikamoo. Yangu maji hayaingii kabisa, inaunguruma kidogo halafu inaandika kosa. Tunatumia simtenki juu ya stendi.

Jibu: Marahaba. Stendi ina mita ngapi? Mashine nyingi zinataka presha isiyopungua baa 0.5, na hiyo ni tenki liwe mita 5 juu ya mashine, stendi ya mita 3 haikupi. Weka pampu ndogo ya kuongeza presha. Kabla ya hapo fungua hozi inapoungana na koki, kuna kichujio kinaziba mchanga. Ila kama hozi yako ina boksi nene pale mwanzo usiikate kamwe, ndani mna valvu na waya wa umeme.

Dada wa Nyali: Glasi zangu zinatoka na ukungu mweupe, maji ni ya kisima. Naweza kutia chumvi ya mawe kwenye kile kitundu cha chumvi?

Jibu: Hapana dada yangu. Ya mawe inatoka baharini na magnesiamu na uchafu wake, ya mezani nayo ina madini joto na dawa ya kuzuia isigande, zote zinaharibu kilainisha maji, kile kifaa cha ndani kinachopunguza chokaa kwenye maji. Tafuta chumvi maalumu ya mashine hizi halafu upandishe kipimo cha ugumu wa maji kwenye mipangilio, maana visima vya Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, chokaa lazima. Lakini kama maji ukionja yana chumvi, hiyo mashine haiitoi, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Na usisafishie Jiki, inakula chuma cha ndani, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu.

Mdau aliye Marekani: Nataka kusafirisha yangu hadi Arusha, nikitumia transfoma itafaa?

Jibu: Iuze hukohuko kaka. Transfoma inashusha volti kutoka 230 kwenda 120, lakini hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) inabaki 50 na mashine yako imeundwa kwa 60, pampu zitazunguka taratibu na kupata moto.

Mdau wa Tanga: Nimeichomeka kwenye frijigadi (kile kilinda umeme cha friji), imeanza kunuka plastiki.

Jibu: Ichomoe sasa hivi! Frijigadi nyingi ni za ampea 5, mashine hita ikiwaka inavuta karibu 9. Kuna kilinda umeme cha ampea 13, nunua hicho, na ekstensheni usitumie. Soketi yenyewe ikague kama haijaungua ndani.