Somo: Aina nne za tishu za mwili, tukizitafuta kwenye mguu wa kuku

Mtoto wa dada yangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Juzi alinitajia aina nne za tishu kwa Kiingereza, mfululizo, bila kukwama. Nikamuuliza, "Haya, moyo wako ni tishu gani?" Kimya. Amekariri majina ya vitu ambavyo hajawahi kuviona, na vyote anavyo mwilini. Nikamshika mkono tukaingia jikoni, ambako mama yake alikuwa ametoka kumnyonyoa kuku wa kienyeji. Somo hili ndilo tulilofanya jioni ile. Nimelipanga kwa hatua ili nawe ulifanye na watoto wako.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Seli zinazofanana zikikaa pamoja na kufanya kazi moja, pamoja na vile vitu zinavyovitengeneza kujizungushia, hiyo ndiyo tishu. Tishu kadhaa zikiungana zinafanya ogani, kama moyo au figo. Asili ya neno ni Kifaransa, na maana yake ni kitambaa kilichofumwa. Hata karatasi laini tunazofutia mikono zimepata jina kutoka hapohapo. Daktari Mfaransa Xavier Bichat alitaja tishu 21 mwaka 1801 bila kutumia hadubini. Alikata, akachemsha, akakausha, akaangalia kwa macho yake. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 30. Hadubini ilipokuja kutumika vizuri, tishu zikapangwa katika makundi manne tunayofundisha leo. Nalisema hili ili usidharau jiko lako.

Vifaa. Mguu mzima wa kuku kuanzia paja hadi vidole, na ngozi yake, firigisi, moyo, kisu kikali, sahani nyeupe. Kuku mbichi anaweza kuwa na bakteria wa salmonela, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, osha na kisu, na usiweke kachumbari karibu.

Hatua ya 1: Ngozi (tishu ya epithelia)

Vuta ngozi ya paja. Sehemu ya juu kabisa, nyembamba kuliko unavyodhani, ndiyo epithelia. Kazi yake ni kufunika na kulinda, na mahali pengine kufyonza au kutoa majimaji. Seli zake zimebanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, hakuna nafasi katikati. Haina mishipa ya damu, inalishwa na tishu iliyo chini yake. Angalia kiganja cha mtu anayelima: ile sugu ni epithelia iliyojiongezea unene kwa ajili ya mpini wa jembe. Ukiikwangua juujuu haitoi damu wala haiumi.

Ndani ya mwili epithelia inabadilika kulingana na kazi. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni safu moja bapa, ili oksijeni ipite upesi. Kwenye koo la hewa ina vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu. Kwenye utumbo mwembamba ni safu moja ya seli ndefu zinazofyonza chakula, na hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa sababu kazi ya pale inachosha.

Hatua ya 2: Chini ya ngozi hadi ndani ya mfupa (tishu unganishi)

Hapa usiharakishe, maana ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wanaona mafuta, kano, gegedu, mfupa na damu vikiwekwa kundi moja na wanashindwa kuelewa vinafanana nini.

Kinachofanana ni mpangilio. Tishu unganishi ni kama kijiji cha wakulima: nyumba chache, zimetawanyika, na katikati ni mashamba. Nyumba ni seli. Shamba ni kile seli zilichokitengeneza. Likiwa laini unapata ule utando mweupe unaochanika ukivuta ngozi. Likijaa nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni unapata kano. Likiwa gumu lenye kunepa ni gegedu, likiwekewa madini ya kalisi ni mfupa, na likiwa majimaji ni damu. Mafuta ya njano chini ya ngozi yamo humuhumu, ingawa huko seli zimevimba hadi zimelimeza shamba.

Sasa shika mguu juu ya vidole, kata ngozi upande wa nyuma, utafute kamba nyeupe inayong'aa. Ivute. Vidole vitajikunja. Mpwa wangu alirudia mara sita. Hiyo ni kano, inaunganisha msuli na mfupa, na ndivyo vidole vyako vinavyojikunja: msuli wenyewe uko huku mkononi, chini ya kiwiko. Kunja ngumi huku umejishika mkono karibu na kiwiko, utausikia ukikaza.

Fungua kiungo cha goti. Ncha ya mfupa ina kitu cheupe chenye ubuluu kidogo, kinateleza kama sabuni iliyolowa. Ni gegedu, na lenyewe halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiumia hupona kwa shida. Kisha vunja mfupa. Ule uboho mwekundu ni kiwanda cha damu. Kwa binadamu, chembe nyekundu ikitoka kwenye uboho huishi kama siku 120. Mfupa wenyewe usiutupe: uloweke kwenye siki siku tatu nne, madini yatayeyuka, zitabaki nyuzi za kolajeni, nao utapinda kama mpira.

Hatua ya 3: Nyama (tishu ya misuli)

Kazi ni moja, kujikaza. Aina ni tatu, na kuku mmoja anazo zote. Nyama ya paja ni misuli ya mifupa, inayokutii ukitaka kutembea; ukiichambua ikishaiva unaona mafungu ya nyuzi. Firigisi ni misuli laini, inayofanya kazi bila kukuomba ruhusa. Kwako iko kwenye utumbo, kibofu, mji wa mimba na kuta za mishipa ya damu. Moyo una msuli wake peke yake: una mistari kama wa paja, lakini hauamriwi kama ulivyo wa firigisi. Ukate katikati uone ukuta wa kushoto ulivyo mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa ndio unaosukuma damu mwili mzima. Wa kwako hupiga kama mara 100,000 kwa siku.

Hatua ya 4: Uzi mweupe (tishu ya neva)

Tenganisha misuli ya nyuma ya paja kwa vidole gumba, bila kisu. Katikati utaona uzi mweupe uliofifia. Kano hung'aa na huishia mfupani. Huu haung'ai, unapita katikati ya misuli na kugawanyika matawi. Ni neva. Inapeleka habari kutoka ubongo na uti wa mgongo na kuzirudisha. Wewe pia unayo hiyohiyo, ndiyo nene kuliko zote mwilini, na inapita kwenye kalio. Ndiyo sababu muuguzi anachoma sindano robo ya juu upande wa nje.

Hapa Kiswahili chetu cha mtaani kinahitaji uangalifu. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, na kano nayo watu huiita mshipa. Mtu akija hospitali na kusema "nimekatika mshipa," bado hajasema kitu. Ukimpeleka mgonjwa, eleza alichopoteza: damu inaruka, au kidole hakina hisia, au kidole kina hisia lakini hakikunjiki. Kwa maneno hayo daktari anajua ni tishu ipi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Damu ni maji, inakuwaje tishu? Mwalimu alisema tu nikariri.*

Marahaba mdogo wangu. Usikariri. Rudi kijijini: nyumba ni chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani, shamba ni plazma, yaani majimaji ya damu, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Kuwa majimaji hakuiondoi kwenye kundi, ni aina ya shamba tu. Na chembe zake zinazaliwa ndani ya mfupa, ndugu yake wa karibu.

*Nilitoga masikio, kovu likaendelea kukua hadi sasa lina ukubwa wa harage. Hiyo ni epithelia imezidi?*

Hapana dada, hiyo inaitwa keloidi. Ni tishu unganishi ya chini. Kidonda kilishapona lakini seli zinazotengeneza kolajeni hazikuacha kazi. Inatusumbua sana sisi wenye ngozi nyeusi. Sio saratani. Tafadhali usikubali mtu alikate na kuishia hapo, mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Daktari wa ngozi huunganisha na sindano au tiba nyingine. Na usitoge tena mahali pengine.

*Baba ana miaka 68, ameambiwa gegedu za magoti zimelika. Tunampa supu ya makongoro kila siku. Inasaidia?*

Mpeni kama anaipenda, ni chakula. Lakini kolajeni ya kongoro ikifika tumboni inameng'enywa vipandevipande kama protini nyingine, haina njia ya kwenda moja kwa moja gotini. Kitakachomsaidia mzee ni kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi anayoyaweza na kupunguza uzito kama umezidi. Muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia, na ile supu iwe na mafuta kidogo.

*Selimundu ni ugonjwa wa tishu gani?*

Damu. Chembe nyekundu zinapinda kama mundu na hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo uboho hauwezi kuzifidia kwa kasi hiyo. Zikiziba mishipa, tishu za mbele zinakosa oksijeni. Ndiyo maana mtoto analia mifupa na wewe huoni jeraha.

*Mama amepimwa shingo ya kizazi, wakapaka kitu kama siki, sasa wanataka kukata kinyama. Jirani anasema ukikatwa saratani inasambaa. Tunaogopa.*

Pole sana, na asante kwa kuuliza kabla ya kukataa. Ni siki kweli, nyepesi; epithelia isiyo ya kawaida hugeuka nyeupe ikipakwa. Weupe peke yake hauthibitishi saratani. Kinyama ndicho kinachothibitisha, na hatari ya kipimo hicho kusambaza ugonjwa ni ndogo mno ukilinganisha na hatari ya kukaa bila kujua.

Mimi nafanya kazi maabara inayopokea vinyama hivyo. Tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kama maikromita 4, tunavitia rangi, viini vya seli vinakuwa zambarau na sehemu nyingine waridi. Swali la kwanza kwenye hadubini ni lilelile nililomuuliza mpwa wangu: hii ni tishu gani? Majibu yakisema kansinoma, ni saratani iliyoanzia kwenye epithelia. Sakoma ni saratani iliyoanzia kwenye tishu unganishi au misuli. Matibabu yanatofautiana.

Niwaombe jambo moja. Mkikabidhiwa chupa muipeleke wenyewe maabara, ulizeni kama ndani kuna formalini, dawa inayozuia kipande kisioze. Niliwahi kupokea kipande kilichosafiri siku mbili ndani ya maji ya kawaida. Seli zilikuwa zimeoza, hatukusoma kitu, na mama wa watu akarudi kukatwa upya. Angalieni pia jina lake limeandikwa kwenye chupa yenyewe, sio kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana.