Kufufua vyombo vya mvinyo vya mtumba kabla ya msimu wa zabibu

Hapa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Katikati ya misimu hiyo ndipo vyombo vya mtumba huingia sokoni. Mtu kahamishwa kikazi, au anatafuta ada ya mtoto, basi anauza ndoo, madumu ya kioo, sufuria na mipira yake yote kwa mkupuo. Mimi natengeneza mvinyo wa zabibu na wa rozela nyumbani, na karibu kila chombo changu kilianza kwa mwenyewe mwingine. Sioni aibu kabisa. Chombo cha mtumba kilichosafishwa vizuri hutoa mvinyo mzuri sawasawa na kipya, ila lazima ujue kipi cha kukisafisha na kipi cha kukiacha palepale.

Kabla ya kutoa pesa, fungua mfuniko uingize pua. Plastiki hunywa harufu. Pipa lililowahi kubeba dawa ya shamba, rangi, dizeli au kemikali yoyote usilinunue hata kwa bei ya bure, kwa sababu hakuna sabuni itakayoitoa sumu iliyokwisha kuingia. Muulize muuzaji lilikuwa na nini; akisitasita, ondoka. Geuza kitako utazame alama: pembetatu yenye namba 2, pamoja na picha ya glasi na uma, ndiyo ya plastiki ya chakula. Kisha pitisha ukucha ndani. Ukisikia mikwaruzo mingi inayoshika ukucha, acha. Humo ndimo vijidudu vya siki hujificha, na mvinyo wako utageuka mchachu huku ukilaumu zabibu za Hombolo bure.

Ndoo iliyopita mtihani huo naanza kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Stilwaya haiingii kwenye ndoo zangu hata siku moja, maana ndiyo inayochimba hiyo mikwaruzo. Baada ya hapo nailoweka kwa soda ashi, ile wanayonunua watengeneza sabuni ya maji. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji ya moto kinatosha. Naijaza mpaka shingoni, naiacha usiku kucha, asubuhi namwaga. Vaa glavu, na maji hayo yasikurukie machoni. Harufu ikibaki, rudia, kisha ianike kivulini mfuniko ukiwa wazi. Ili kuhakikisha, tia maji kidogo, funga, weka juani kwa muda wa saa mbili au tatu, halafu fungua unuse papo hapo. Joto huitoa harufu iliyojificha. Ndoo inayonukia siki baada ya hapo, kwangu inakuwa ya kufulia.

Madumu ya kioo ndiyo mali. Kioo hakinywi harufu wala hakiumwi na asidi. Mara nyingi utakuta ndani ukoko wa zambarau umeganda ukutani, ukiugusa unakwaruza kama sukari guru, na kwenye mwanga unametameta. Wengi hudhani ni uchafu wa ajabu wakalitupa dumu. Ile ni chumvi ya zabibu yenyewe, hujitenga na mvinyo ukikaa muda mrefu. Maji ya moto yenye soda ashi huiyeyusha. Ila kioo baridi ukikimiminia maji yanayochemka kitapasuka mikononi mwako, kwa hiyo anza na ya uvuguvugu, kisha pandisha joto taratibu. Mahali brashi isipofika, tia konzi ya mchele mkavu na maji kidogo, kisha tikisa ukizungusha. Dumu lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, usilitumie.

Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ikiwa na madoa ya kutu, yasugue kwa ndimu au asidi ya sitriki, suuza, kausha kabisa. Maji yetu ya hapa yana chumvi, kwa hiyo ule ukoko mweupe wa chini nao hutoka kwa ndimu hiyohiyo. Sufuria ya alumini ichemshie rozela, lakini usiiache ilale na kitu kichachu ndani, wala usiiloweke kwenye soda ashi, maana italiwa.

Sasa koki. Hapa naomba uwe na subira, kwa sababu watu huosha ndoo ikang'aa, wakaiacha koki ilivyo. Ing'oe. Toa nati, toa washa ya mpira, chomoa kile kipande kinachozunguka katikati. Ndani utakuta utando wa mashapo yaliyokauka, mweusi, unateleza. Mvinyo wote unaoutoa hupita hapo. Sugua kila kipande kwa mswaki wa zamani, loweka, na washa badilisha tu. Mipira ya kunyonyea mvinyo pia mimi sihangaiki nayo: ndani huwezi kuona, na mipya ni ya bei nafuu.

Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo kwenye mvinyo, ikiwa ya mtumba ipime kwenye maji safi. Nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, ambapo husoma 1.000. Kwa joto letu la nyuzi 30 itasoma karibu 0.997, na hiyo ni sawa. Ikisoma mbali na hapo, karatasi ya ndani imeteleza.

Baada ya kuosha ndipo tunaua vijidudu, si kabla, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu. Kwa plastiki na kioo, kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato kwa lita moja ya maji baridi, dakika 20, kisha suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jik ikibaki, mvinyo utakuwa na ladha ya hospitali. Usiitie kwenye vyombo vya chuma, huvila, hivyo vichemshe. Na usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Mwisho, jaza chombo maji yaliyochemshwa, funika, kilale usiku mmoja. Asubuhi onja maji hayo. Yakiwa na ladha yoyote isiyo ya maji, rudi kwenye soda ashi.