Kumfuatilia mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi: mizani kwanza, dozi baadaye

Juni moja wilayani Rungwe nilimwongezea mama mmoja furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, kwa sababu daftari lake la nyumbani lilionyesha ongezeko la kilo 3 ndani ya siku 4. Baada ya siku 2 aliletwa kituoni na kizunguzungu, shinikizo la damu likiwa limeshuka mno. Maji hayakuwa yameongezeka mwilini. Baridi ilikuwa imeanza, naye alikuwa akijipima amevaa sweta, koti na mabuti. Ndiyo sababu, katika mwongozo huu kwa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya, hatua ya mizani nimeirefusha kuliko zote.

Hatua ya 1: Thibitisha. Tafuta uvimbe wa miguu, mishipa ya shingo iliyojaa na kukosa pumzi anapolala chali, kisha mpe rufaa ya kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Hatua ya 2: Ondoa maji. Mpe furosemaidi hadi uvimbe uishe, halafu ishushe hadi dozi ndogo kabisa inayozuia maji yasirudi. Uzito wa siku uvimbe ulipokwisha ndio uzito mkavu. Uandike kwenye jalada la daftari lake.

Hatua ya 3: Mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai, bila viatu, akiwa na vazi jepesi lilelile. Mizani iwekwe juu ya ubao mgumu, kwani kwenye mkeka au sakafu ya udongo husoma vibaya. Mimi huchagua ya kidijitali, kwa kuwa mshale wa ile ya springi huhama polepole bila mtu kutambua. Hata hivyo, nayo ihakikiwe kila wiki kwa dumu lilelile lililojaa maji, ambalo lazima lisomeke vilevile. Usilinganishe kamwe namba za nyumbani na za mizani ya kituo. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, aje. Lakini kabla ya kugusa dozi muulize alivaa nini, bonyeza miguu, tazama shingo, sikiliza mapafu. Zaidi ya hayo, mgonjwa anayekonda huweza kujaa maji huku mizani ikibaki palepale, kwa hiyo ukadirie upya uzito mkavu kila anapohudhuria kliniki.

Hatua ya 4: Dawa za kuusaidia moyo. Eko ikionyesha kwamba moyo unasukuma damu kwa udhaifu, anza enalaprili, kavediloli na spironolaktoni kwa dozi ndogo, kavediloli ikisubiri maji yaishe. Pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) katika damu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza enalaprili au spironolaktoni. Mwanamke anayeweza kushika mimba ashauriwe kwanza kuhusu uzazi wa mpango, maana enalaprili humdhuru mtoto tumboni. Mkataze dawa ya maumivu ya diklofenaki ya duka la dawa, kwani hubakiza chumvi na maji mwilini.

Hatua ya 5: Rufaa ya haraka. Anayehema hata akiwa amepumzika, au anayezirai, apelekwe siku hiyohiyo, na daftari lake la uzito liende naye.