Jinsi ya kujua kama ukame ndio uliohamisha watu wa kale, anza na Ziwa Turkana

Watu wengi wakisikia Sahara iliwahi kuwa kijani wanaruka moja kwa moja kwenye "ukame ulikuja watu wakahama", basi imeisha hiyo. Haijaisha jamani. Ukitaka kulielewa vizuri shika sehemu moja uifuatilie mpaka mwisho, na mi nakushauri Turkana maana kule ushahidi mwingi uko juujuu ya ardhi.

Kwanza tafuta maji yalifika wapi. Fungua ramani ya setilaiti, sogea pembeni mwa ziwa, vuta karibu taratibu, utaona mistari iliyopinda inafuata umbo la ziwa ila iko mbali kabisa na maji, hizo ni fukwe za zamani. Kuanzia kama miaka 14,800 mpaka kama 5,500 iliyopita mhimili wa dunia ulikuwa umekaa kiasi kwamba jua la majira ya joto ya kaskazini lilikuwa kali zaidi, likavuta mvua mpaka ndani ya Sahara, na huku Turkana ziwa likapanda karibu mita 100 juu ya lilipo leo hadi likawa linamwagika kuelekea Nile.

Pili, angalia walikuwa wanakula nini. Kwenye hizo fukwe zinapatikana chusa za mifupa zenye meno pembeni pamoja na mifupa ya samaki, mahali ambapo leo ni mchanga na miiba tu. Wavuvi hao. Tabaka za baadaye ndo unaanza kukutana na mifupa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, mifugo iliyoingia kutokea kaskazini, wakati uleule Sahara inakauka.

Sasa tarehe, hapa ndipo wengi wanapotea. Ukikuta BP (Before Present, yaani "kabla ya sasa") kwenye ripoti ujue wanahesabu kurudi nyuma kutoka 1950, sio kutoka leo. Alafu, kwa kuwa umri huo hupatikana kwa kupima kaboni, uliza kilichopimwa ni nini, maganda ya konokono wa ziwani yanaweza kutoa umri mkubwa kuliko ukweli kwa sababu ya kaboni ya zamani iliyomo kwenye maji, mkaa wa jikoni ni afadhali.

Ukishapanga tarehe zako usiseme bado "walikimbia". Nenda Lothagam Kaskazini kwanza, hapohapo Turkana. Ni makaburi yenye nguzo za mawe, yalianza kujengwa kama miaka 5,000 iliyopita wakati ziwa linashuka, na wamezikwa watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake mpaka watoto wachanga, wengi na shanga zao. Wafugaji hawa, ziwa linawakimbia, malisho hayaeleweki, na bado wanabeba mawe kwa karne kadhaa kujenga mahali pa kukutana na kuzikana! Binafsi naona hapa ndo jibu lilipo, ukame uliwasogeza lakini namna ya kuishi walichagua wenyewe, na hilo huwezi kuliona ukiangalia mchoro wa mvua peke yake.

Na ukibahatika kufika kule ukaona chusa imelala kwenye mchanga, usiiokote. Piga picha, chukua lokesheni kwenye simu, wapelekee watu wa makumbusho ya taifa, maana ukishaitoa pale hakuna atakayejua tena ilikuwa ya ufukwe upi.