Kuwakutanisha wanafunzi Waislamu na Wayahudi: anzeni na kalenda

Usifungue kikao cha kwanza kwa kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe. Taurati inamtaja Is-haka. Qurani haikumtaja mwana huyo kwa jina katika kisa hicho, na Waislamu wengi husema ni Ismail. Ubishi utawaka kabla watoto hawajajuana majina. Kiwekeni kikao cha nne.

Gredi ya 7 hadi 9 ndiyo inayofaa. Mvulana wa Kiyahudi hubeba wajibu wa dini akifika miaka 13, msichana 12. Watoto wetu nao wako kwenye kubaleghe.

Wenzao wa Kiyahudi wengi watakuwa Nairobi, nasi tuko Mombasa, kwa hiyo mtakutana kwa video. Chagueni Jumanne au Jumatano, saa tatu asubuhi. Ijumaa adhuhuri wetu wako msikitini, na tangu jua la Ijumaa kuzama hadi Jumamosi usiku, Wayahudi wanaoshika Sabato hawagusi simu wala kompyuta.

Sasa kalenda. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, wa jua 365: tofauti ni 11 hivi. Wape watoto karatasi wapige hesabu ya miaka 19: 11 × 19 = 209. Wayahudi nao hufuata mwezi mwandamo, lakini katika miaka hiyo 19 huongeza mwezi mzima mara 7: 7 × 30 = 210. Waacheni wagundue wenyewe kuwa nyongeza hiyo karibu inaziba pengo lote, msiwatangulie. Ndipo wataona kwa nini Ramadhani huzunguka kaskazi na kusi, ilhali Pasaka ya Kiyahudi haibanduki Machi na Aprili, masika yakibisha hodi kwetu.

Endeleeni na majina ya siku. Jumamosi kwetu ni siku ya mosi, mara tu baada ya Ijumaa. Kwa Kiebrania siku ya kwanza ni Jumapili, mara tu baada ya Sabato. Na pande zote mbili siku huingia magharibi; mtoto wa Mvita anayejua kuwa usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa hahitaji kufafanuliwa.

Mkikutana ana kwa ana, chakula ndicho kitakachowaumbua. Pweza, kamba na nyama ya ngamia ni halali kwetu, kwao haramu. Nyama hawaichanganyi na maziwa, na hata sufuria wanatenganisha, basi kuku wa halali hatoshi. Toeni maembe na ndizi zisizomenywa, na madafu yanayofunguliwa pale pale.

Swali la Gaza litakuja, na kulizima ni kulichochea. Wekeni sanduku la maswali yaliyoandikwa, mwalimu na ustadh wayasome usiku wa kuamkia kikao. Sharti ni moja: hakuna mtoto anayejibia serikali wala kundi lenye silaha.

Kila upande uswali kivyake. Karatasi zenye jina la Mungu, kwa Kiarabu au Kiebrania, zikusanywe kando: Wayahudi huzizika, nasi hatuzitupi jaani.