Kupima kama dawa ya minyoo bado inaua

Mzazi akiniambia albendazoli haisaidii tena, sibishani naye. Nahesabu mayai ya minyoo chooni mwa mtoto.

Hapa Lamu choo cha watoto hunifikia asubuhi kwa boti, na joto letu halisubiri. Kichuje kwa wavu, jaza tundu la kibao cha kipimo (hukaa miligramu 41.7 za choo), kiweke kwenye kioo cha darubini, ufunike kwa selofeni iliyolala usiku kucha ndani ya gliserini ya kijani. Bonyeza taratibu, kisambae. Mayai ya minyoo ya safura yatazame kwanza! Ganda lake ni jembamba mno. Ikipita saa moja gliserini imeyafuta, nawe utaandika "hakuna" kumbe yamo. Mara moja niliita kioo kisafi kwa sababu nilichelewa. Bado inaniuma. Ya mchango huvumilia.

Zidisha hesabu kwa 24, upate mayai kwa gramu. Kisha mtoto ameze miligramu 400 za albendazoli mbele yako, si nyumbani. Rudia kuhesabu baada ya siku 14 hadi 21. Yakitoka 960 yakawa 48, yamepungua kwa asilimia 95. Upungufu wa kundi zima la watoto wenye safura ukiwa chini ya asilimia 90, toa taarifa. Mtoto mmoja hathibitishi kwamba minyoo imekuwa sugu kwa dawa.